Upande wa Barazani

Watu wanaoniambia hasira ni hasara hawajawahi kuona gari jeusi likifutwa vumbi kwa kitambaa kikavu. Mimi nimeona, na aliyekuwa akifuta ni baba yangu mzazi, kwa hiyo mniache niseme kwa sauti niitakayo.

Kazi yangu ni kung'arisha magari. Si kuosha. Wanaoosha wako ng'ambo ya barabara, wana ndoo zao na redio yao. Mimi naletewa gari ambalo paa lake limepauka kwa jua mpaka limekuwa na ukungu mweupe, au gari lililojaa ile mikwaruzo myembamba ya mviringo ambayo kivulini huioni, lakini ukilitoa juani inajitokeza yote, duara juu ya duara. Sisi tunaiita buibui. Ukimwambia mteja mgeni kwamba gari lake lina buibui anaruka nyuma akitafuta mdudu.

Ninaitoa kwa mashine, sponji na dawa, kipande kwa kipande. Watu hudhani natoa uchafu. Hapana. Juu ya rangi ya gari kuna vanishi, na mimi naipunguza hiyo vanishi kidogo sana mpaka nifike chini ya mkwaruzo. Ukizidisha umefika kwenye rangi, na hapo hakuna dawa wala dua, gari linakwenda kwa fundi rangi. Ndiyo maana hii si kazi ya kurudiarudia kama kunyoa nywele. Kila gari lina vanishi yake, ikiisha imeisha.

Baba hakuipenda kazi hii. Alitaka niwe karani, nikae kwenye kiti cha ofisini nigonge mihuri. Siku ya kwanza niliporudi nyumbani nina dawa nyeupe mpaka kwenye nyusi, alimwambia mama, "Kumbe binti yako ameajiriwa kwenye mashine ya kusaga unga." Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa mtu mmoja tangu mimi sijaanza shule. Mtu huyo nyumbani kwetu aliitwa Bosi, na sote tulimwita hivyo, hata mama, kana kwamba ameuajiri ukoo mzima. Bosi amesafiri, Bosi ana mafua, Bosi hapendi harufu ya vitunguu ndani ya gari. Kwa sababu hiyo baba hakula vitunguu asubuhi, na sisi tukala kwa kujificha jikoni.

Basi asubuhi moja nikasikia injini ninayoijua ikiingia kwenye karakana yangu. Baba akashuka, kofia mkononi. Hajawahi kuja pale. Jirani yangu, fundi rangi, mtu wa maneno mengi, akatoa kichwa chake kilichojaa madoa ya rangi akasema, "Leo mwezi umeandama mchana! Shikamoo mzee, karibu kwenye unga."

"Marahaba," baba alisema, bila kucheka.

Nikajua kuna jambo. Nikamvutia stuli. Hakukaa.

"Juzi kulikuwa na mgeni kwa Bosi," alisema. "Wamesimama uani, jua limewaka. Mgeni akainama kwenye mlango wa gari, akauliza, hili gari mnalisugua kwa majivu? Bosi akacheka. Mgeni alipoondoka, Bosi hakucheka tena. Ameniambia gari lisiporudi kama lilivyokuwa nimkabidhi ufunguo, atafute mtu anayejua kutunza."

"Alisema hivyo hivyo? Kukabidhi ufunguo?"

"Hivyo hivyo."

Alisema huku akiukunjakunja ule ukingo wa kofia. Baba alikuwa ameanza kuota mvi mpaka masikioni. Hakuna mtu angemwajiri dereva wa umri ule, na yeye alilijua hilo. Lakini si riziki tu iliyokuwa inamtisha. Mtaani kwetu aliheshimiwa kwa ule ufunguo. Aliuning'iniza kidoleni akienda dukani, hata siku ambazo gari lilikuwa limelala kwa Bosi. Bila ule ufunguo angekuwa mzee anayekwenda kununua chumvi.

Nikalitoa gari juani. Niseme ukweli, nilishtuka. Paa lilikuwa limepauka vibaya, na boneti lilikuwa na buibui wa kutosha kufuma shuka. Upande wa kushoto ulitisha, milango yote miwili, mviringo juu ya mviringo, mingine ya kina kiasi kwamba ukipitisha ukucha unaisikia. Kisha nikazunguka upande wa kulia, nikakuta karibu hauna kitu. Mikwaruzo michache ya kawaida, ya gari lolote lenye umri.

Nikarudi kushoto. Nikarudi kulia. Gari halichakai upande mmoja kama soli ya kiatu.

"Baba, asubuhi unaliegesha wapi?"

"Mbele ya nyumba. Bosi anataka alikute mlangoni."

"Juani?"

"Juani, ndiyo. Kivuli kiko nyuma, na nyuma ni mbali."

Paa limejieleza, nikasema moyoni. "Na upande gani unaangalia nyumba?"

Akafikiri kidogo. "Huu wa kushoto."

"Na unafanya nini hapo, ukimsubiri?"

Akatoa kitambaa mfuko wa nyuma. Kitambaa cha manjano, kikavu, kimekunjwa vizuri pembe nne. "Nafuta vumbi," alisema, na akanionyesha hewani, mkono ukizunguka kwa madaha. "Bosi anakunywa chai barazani. Anapenda kuniona nafuta. Huwaambia hata wageni, mnamwona huyu, hapumziki huyu. Siku moja nilikaa kidogo, mgongo ulikuwa unaniuma, akaniuliza kama naumwa, kama nataka kupumzika nyumbani. Tangu siku hiyo sikukaa tena."

"Bila maji?"

"Maji yanachafua ua. Na gari likitoka na matone anasema halijaoshwa vizuri."

"Na upande wa kulia?"

"Ule hauonekani kutoka barazani," baba alisema, na alisema bila hila yoyote, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Damu ilinichemka. Vumbi ni mchanga. Mchanga ukiuweka kwenye kitambaa kikavu ukausugua kwenye vanishi, huo ni msasa. Baba alikuwa amelipiga gari msasa kila asubuhi iliyokuja na Mungu, na mwenye gari alikuwa amekaa akinywa chai akimsifu. Na mwenye gari huyohuyo leo anataka kumfukuza kwa sababu ya msasa aliouagiza mwenyewe! Shukrani ya punda ni mateke, tunaambiwa. Lakini punda angalau hakupangii saa ya kupigwa.

Nikamwambia baba yote hayo, kwa sauti iliyomfanya fundi rangi azime kompresa yake ya kupulizia rangi asikilize.

"Punguza sauti," baba alisema. "Mikwaruzo inatoka au haitoki?"

"Inatoka."

"Basi nitolee. Mengine ni maneno." Kisha akanisogelea. "Nasikia kuna mafuta ya kuziba. Unapaka, mikwaruzo inajificha, gari linang'aa. Si ungepaka hayo tu, nilirudishe leo leo?"

Nikamgeukia fundi rangi. Yeye ndiye aliyemwambia nilipokuwa nalitoa gari juani, nilimjua kwa jinsi alivyowasha tena kompresa haraka. Ni kweli mafuta hayo yapo. Yanajaza mikwaruzo, gari linameremeta kama la harusi, na baada ya kuoshwa mara chache kila kitu kinarudi. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi sitii mafuta hayo kwenye gari la mtu, na siku ile nilikataa kwa hasira zaidi ya siku zote, maana mikwaruzo ingerudi kujitokeza mikononi mwa baba, si mikononi mwangu.

"Nitaitoa mikwaruzo kweli," nilisema. "Kaa kwenye stuli, usiguse kitu."

Nikaliosha kwa maji mengi. Nikalisugua kwa ule udongo laini unaovuta chembe zilizoganda kwenye vanishi, mpaka kiganja kikapita juu ya boneti bila kukwama. Nikabandika utepe wa karatasi kwenye kingo zote za milango, kwa sababu kwenye kingo ndipo vanishi huwa nyembamba na ndipo mashine inapokula haraka. Kisha nikapima unene kwa kifaa changu. Kulia palikuwa pazuri. Kushoto, katikati ya mlango wa mbele, pale mkono wa baba ulipopenda kukaa, palikuwa pamepungua. Si kwa kutisha, lakini nafasi ya kukosea haikuwepo. Nikaanza na sponji laini kuliko niliyoizoea. Dawa kidogo, mashine taratibu, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, nafuta, natazama, narudia. Kwenye paa sponji ilitoka na uji mweupe wa ile vanishi iliyokufa, nikaisafisha, nikaendelea, na chini yake weusi ukaanza kurudi.

Baba alikuwa akishtuka kila mashine ilipobadilisha mlio. "Usinitobolee," alisema mara kadhaa. Mchana mama alimtumia chakula, hakula.

Kuna mikwaruzo niliyoiacha, ile ya kina kirefu karibu na kitasa. Ningeifuata ningeitoboa vanishi. Lakini nilipomaliza, ilibidi ujue pa kutazama ndipo uione. Nikamwita baba. Akasimama mbele ya mlango ule wa kushoto, akajiona mzima mzima, toka viatu mpaka kichwa. Akavaa kofia yake, akaiweka sawa kwa kujitazama mlangoni. Hakusema asante. Alisema, "Unga huu una maana." Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikajifanya nakusanya vitambaa.

Tukalirudisha pamoja. Nilitaka kwenda, na baba hakuwa na nguvu ya kunikataza. Bosi alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, mtu mnene wa sura ya upole, na hilo liliniudhi, maana nilikuwa nimejiandalia mtu mwenye sura mbaya. Akashuka, akalizunguka gari, akapiga mluzi.

"Mzee! Hili ni jipya!"

"Ni huyu binti yangu, Bosi."

"Hongera sana, binti. Sikujua una mikono ya namna hii nyumbani, mzee, umenificha."

Ningenyamaza. Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba, na mtu mwenye akili angesema ahsante akaaga. Lakini mimi nilikitazama kile kiti cha kamba, nikatazama kinavyoelekeana na ule mlango wa kushoto.

"Mheshimiwa," nilisema, "litarudi kuwa vilevile."

Baba akakohoa.

"Kwa nini lirudi?" Bosi akauliza.

"Kwa sababu linafutwa likiwa kavu na lina vumbi. Vumbi ni mchanga, linakwaruza. Anafuta upande huu kwa sababu wewe unakaa hapo na unapenda kumwona anafuta. Ukitaka gari lako libaki hivi, asifute kabisa asubuhi. Usiku livikwe turubai, jioni lioshwe kwa maji kule nyuma kwenye kivuli. Lakini kitambaa kikavu, hapana. Na mara ya pili sitaweza kulipiga mashine kama hivi, vanishi imebaki kidogo."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Bosi alinitazama, akamtazama baba, kisha akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya.

"Kumbe! Na wewe mzee, miaka yote unanisugulia gari kwa mchanga na unanyamaza? Basi kuanzia kesho hakuna kufuta. Umesikia? Fanya anavyosema mtaalamu."

"Sawa, Bosi," baba alisema.

Tukaondoka. Tulipofika kona ya kwetu akasimama. "Umenivua nguo," alisema. "Mbele ya mtu niliyemvalia nguo maisha yangu yote." Akaniacha pale akaenda. Nilikasirika, naye alikasirika, tukala chakula cha jioni tukimpitishia mama maneno. Mwambie binti yako anipe chumvi. Mwambie mume wako chumvi iko mbele yake. Mama alisema yeye si posta.

Lakini hasira yake iliisha kabla ya yangu. Baada ya siku chache akaanza kuniuliza maswali. Sabuni ipi? Ndoo moja inatosha au mbili? Nikampa taulo laini na nikamwonyesha namna ya kulisuuza kila mara kwenye ndoo ya pili. Akajifunza haraka. Jioni, Bosi akishaingia ndani, baba alilipeleka gari nyuma ya nyumba, kivulini, akaliosha kwa utaratibu, akalikausha, akalivika turubai. Asubuhi alilivua turubai, na gari lilikuwa tayari, jeusi, linameremeta, bila chembe. Alikuwa akirudi nyumbani anasema, "Leo tumelilaza safi." Nikawa najivuna. Nilimwambia fundi rangi kwamba ukisema ukweli mbele ya mkubwa, mkubwa naye ni binadamu. Akanitazama kwa jicho la pembe, akasema, "Subiri kwanza," akaendelea kuchanganya rangi.

Siku moja kabla ya mchana mama alinipigia simu, akaniambia tu, "Njoo nyumbani." Nikamkuta baba amekaa sebuleni amevaa shati lake la kazi, kofia iko mezani, viatu hajavua. Saa ile hakupaswa kuwa nyumbani.

"Bosi amenipumzisha," alisema.

"Amekupumzisha nini?"

"Kazi. Amesema naonekana nimechoka. Kwamba siku hizi akitoka barazani ananikuta nimekaa ndani ya gari, mlango wazi, sina ninachofanya. Amesema, zamani mzee ulikuwa mchapakazi." Akatabasamu kidogo, tabasamu baya kuliko kilio. "Alinipa mkono. Alisema nipumzike na wajukuu. Nikamwambia sina wajukuu bado. Akasema watakuja."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Hukumwambia kwamba unaosha jioni?" aliuliza.

"Nilimwambia. Alisema si neno, mzee, si neno, usijitetee."

Sikungoja. Nilitoka na sare yangu yenye dawa, mama akiniita nyuma yangu, hasira hasara, mwanangu, hasira hasara. Mama, ningemjibu, hasara imeshaingia, kilichobaki ni hasira, na hiyo ni yangu.

Bosi alikuwa barazani. Gari liko pale pale, ubavu wa kushoto unamtazama, na ningeweza kumwona yeye ndani yake na kiti chake na kikombe chake. Alinikaribisha. Alinipa kiti! Nilikataa kukaa.

"Gari lina kasoro gani?" nilimuuliza.

"Halina, binti. Liko vizuri ajabu. Nakushukuru kila siku."

"Nani analiweka hivyo?"

"Si wewe ulilirekebisha?"

"Mimi nililirekebisha siku moja! Tangu hapo ni baba! Anaosha kila jioni, kule nyuma, wewe ukiwa ndani. Asubuhi hana cha kufanya kwa sababu amekwisha kukifanya!"

Alinisikiliza kwa subira, kama unavyomsikiliza mtoto wa mtu unayemheshimu. "Sikatai," alisema. "Inawezekana. Lakini mimi sijawahi kumwona. Ninachoona ni mzee amekaa. Leo amekaa, kesho amekaa, na mimi nina watu wengine hapa wanaotazama. Mtunza bustani anaona dereva amekaa, naye atakaa. Unanielewa?"

"Wewe ndiye uliyemwambia asifute!"

"Ni kweli. Na nilifurahi alivyokubali. Lakini sikumwambia akae."

Nilimwambia maneno ambayo mama asingependa yaandikwe. Nilimwambia yeye hakuwa na dereva, alikuwa na sinema ya asubuhi, na tiketi yake alilipa kwa mgongo wa baba yangu. Nilimwambia kama anachotaka ni kitu cha kuzunguka mbele yake akinywa chai, anunue feni. Mtunza bustani alitoka na mkasi wake akasimama, amekaza midomo asicheke. Bosi hakupandisha sauti. Aliomba tu nisindikizwe mpaka getini, na alisema nimsalimie mzee.

Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Angenitukana ningekuwa na kitu cha kushika.

Baba akaanza kuja karakanani. Hatukumwita. Alisema nyumbani mama anamfagia pamoja na vumbi. Alikaa kwenye stuli, akawakaribisha wateja, akawaambia buibui si mdudu. Fundi rangi alimpenda, walibishana kuhusu mpira. Lakini dukani hakwenda tena. Chumvi alitumwa mtu mwingine. Nami nilikuwa nikimtazama akiwa ameweka mikono juu ya magoti, imetulia tu, na hasira inanipanda upya kama siku ya kwanza, na sina wa kumrushia. Wakati mwingine niliirushia mashine.

Kisha lile gari likaja. Niliujua mlio kabla sijageuka, baba naye aliujua, alisimama. Akashuka dereva mpya, mwanamume wa makamo, mrefu, mashavu yamebonyea, na kiti cha nyuma ameacha daftari la mtoto na chupa ya maji ya shule. Alimwamkia baba kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bosi hajambo?"

"Hajambo. Amenituma kwa binti wa mzee." Akanigeukia. "Dada, gari limekwaruzika. Bosi amesema lisipokuwa kama lilivyokuwa, nirudishe ufunguo."

Sikuhitaji kulitoa juani. Nililiona palepale, upande wa kushoto, mlango wa mbele, mduara juu ya mduara. Na mfuko wake wa nyuma ulikuwa umetuna kitambaa.

"Ondoa gari lako," nilisema.

"Dada..."

"Nimesema ondoa! Mwambie akalisugue mwenyewe! Mwambie mimi nilimweleza kwa mdomo wangu, akacheka, akasema hakuna kufuta. Wewe alikwambia usifute?"

"Hakuniambia kitu," yule mwanamume alisema. "Siku ya kwanza nilikaa. Akaniuliza kama naumwa."

Nikaitupa sponji chini. Ningemfukuza yule mtu, naapa, ningemfukuza na gari lake, na ningelala vizuri. Baba ndiye aliyenishika mkono.

"Huyu hajakukosea," alisema. "Pima kwanza."

Nikapima, kwa sababu ni baba. Vanishi ilitosha kwa mara moja tu ya mwisho, kwa sponji laini kabisa, na hata hapo kwa kuacha mikwaruzo mingi nyuma yangu. Nikafanya. Nilifanya kazi nzuri kwa hasira, na hilo nalo liliniudhi. Nilipozima mashine, nikamwambia yule mwanamume, "Vanishi imeisha. Ukilifuta tena kwa kitambaa kikavu, hakuna mtu duniani wa kuitoa mikwaruzo. Ukifuta umefukuzwa kwa mikwaruzo, usipofuta umefukuzwa kwa uvivu. Chagua."

Alisimama pale na ufunguo mkononi, hajui autie mfuko gani.

"Lete kitambaa chako," baba alimwambia.

Akakitoa. Baba akakikung'uta, akakikunja pembe nne, akasimama ubavuni mwa gari, upande wa kushoto. "Barazani ni pale," alisema, akaonyesha ukuta wa karakana. "Kwa umbali ule haoni kitambaa. Anaona bega. Kwa hiyo kitambaa kinakaa hewani, unene wa kidole kutoka kwenye gari, hakigusi. Bega ndilo linalofanya kazi. Tazama." Akaanza kuzungusha mkono, kwa madaha yale yale, mlangoni, kwenye boneti, akiinama na kuinuka, akisimama kidogo kukagua kama fundi, na kitambaa hakikugusa vanishi hata mara moja. "Jioni unaliosha nyuma, unalivika turubai. Asubuhi unamfanyia hivi mpaka amalize chai."

Yule mwanamume akacheka kwa furaha, akashika kitambaa, akajaribu. Fundi rangi akapiga makofi. Mimi peke yangu sikucheka. Nilimvuta baba pembeni.

"Kumbe ulikuwa unalijua hili? Ungefanya hivi ungekuwa na kazi mpaka leo! Kwa nini hukufanya?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mimi nilikuwa nafuta kweli," alisema.

Kisha akautoa mkono wangu begani mwake taratibu, akarudi garini, akamwambia yule mwanamume arudie tangu mwanzo, maana bega lake lilikuwa bado halizunguki vizuri.